Mshindi na Kodiani ya Mtumba

Mkanda ulikuwa umefunguka tena. Fundi cherehani aliufunga asubuhi kwa mkono wake mwenyewe, na sasa, baada ya chakula cha mchana, kodiani ilikuwa palepale juu ya meza ndogo ya sebuleni, tumbo lake la mikunjo limeachana kiasi cha kupitisha kiganja. Akalibana. Likatoa hewa, na haikuwa hewa ya chombo kilichokaa stoo. Ilikuwa na joto, na ilinuka kama mdomo wa mtu aliyelala na njaa.

Akaufunga mkanda, akanawa mikono kwa sabuni, akarudi kwenye cherehani yake huku akimlaani mumewe kimoyomoyo. Kwa hilo hakuhitaji sababu mpya. Zilizokuwepo zilitosha.

Mumewe alikuwa karani wa bohari ya vipuri vya magari, na mtaani walimwita Mshindi. Jina alipewa na simu yake. Kila alipoweka dau lililowashinda wenzake wote katika mnada wa mtandaoni, simu ililia na kuandika: Hongera, umeshinda! Basi bwana huyo huinuka kitini, akazunguka na simu mkononi kama aliyefaulu mtihani wa taifa. Hakuna aliyemwambia kwamba anayeshinda mnada ni yule aliyekubali kuibiwa kuliko wajinga wenzake wote. Au pengine aliambiwa, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Sokoni mtu huyohuyo angebishana na muuza nyanya mpaka mama wa watu atake kulia. Lakini mwonyeshe kwenye simu picha ya gitaa bovu, mwambie kuna mtu mwingine analitaka, akili zinamhama. Nyumbani palikuwa na gitaa lenye shingo iliyopinda, tarumbeta lililozibwa tundu kwa gundi, na ngoma mbili zisizokuwa na ngozi. Kupiga hajui hata kimoja. "Huu ni uwekezaji, mama Kasuku," alizoea kusema, na mkewe alizoea kutojibu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hivi vya Mshindi hata vipya havikuwa.

Kodiani ndiyo iliyovunja rekodi. Picha yake ilionyesha mbao nyeusi, vitufe vya rangi ya meno, na ukoko mweupe pembeni ambao muuzaji aliuita "alama za umri". Aliyeshindana na Mshindi alikuwa mtu mmoja tu, asiye na jina wala picha, duara jeusi basi. Mshindi akiongeza, duara linaongeza. Akiongeza sana, duara linaongeza kidogo tu, senti za dharau, kama mtu anayekutekenya kwa ncha ya kidole. "Hanijui huyu!" Mshindi alipiga kelele mbele ya sahani yake ya wali. "Hanijui mimi!" Akaweka bei ambayo ingenunua kodiani mpya mbili na chenji ikabaki. Duara likanyamaza papo hapo. Mkewe aliyaona hayo yote, na kilichomshangaza ni jinsi lilivyonyamaza, kana kwamba lilikuwa limefika lilikotaka kufika.

Walikuwa na mtoto mmoja, msichana wa darasa la tatu waliyemwita Kasuku kwa sababu hakujua kunyamaza. Akila anaongea, akioga anaongea, akilala anaongea. Kodiani ilipoingia ndani, Kasuku alianza kupungua maneno. Kwanza aliacha kuimba. Halafu akaanza kukata sentensi katikati, akivuta pumzi kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Daktari aliweka kifaa chake kifuani, akasikiliza, akatikisa kichwa. Mapafu ni safi kabisa, alisema, labda mtoto ana woga wa shule.

"Woga wa shule," mama alimwambia mumewe jioni, kwa sauti ndogo. "Baba Kasuku, huyu mtoto jana kashindwa kupuliza uji wake."

"Atapona. Watoto ndivyo walivyo." Alikuwa akiifuta kodiani kwa kitambaa laini. Mwanawe hakuwahi kumfuta pua.

Siku ya pili yake, saa ya jua kali, wakati mtaa mzima umejifungia ndani na hata majogoo wamechoka, fundi alikuwa akishona pindo la sketi huku Kasuku amelala kwenye kochi. Alisimamisha cherehani ili akate uzi. Katika kimya kile akasikia kitu kinavuta pumzi, taratibu, kwa raha, na akadhani ni mtoto, akafurahi, akageuka. Mtoto alikuwa amelala chali, mdomo wazi, na kifua chake kilikuwa kinashuka, kinashuka, kinashuka kupita pale ambapo kifua cha mtu hukomea, na kule mezani, mkanda ukining'inia, tumbo la kodiani lilikuwa linafunguka kwa mwendo uleule, mkunjo baada ya mkunjo, likijaa, mpaka sebule nzima ikanuka ule mdomo wenye njaa, na vitufe viwili vikazama vyenyewe kama vimebonyezwa na vidole vya mtu aliyekaa nyuma yake, na ikatoka sauti nyembamba, tamu, sauti ambayo mama yule aliijua kuliko sauti yake mwenyewe, kwa maana ilikuwa ya Kasuku, ikiimba wimbo alioacha kuuimba.

Alimbeba mtoto kwa mkono mmoja mpaka uani, akampiga mgongoni, akampulizia mdomoni, mpaka Kasuku akakohoa na kulia. Kilio kilikuwa kidogo sana. Mama aliogopa, na juu ya woga huo alikuwa na hasira ambayo ingeweza kuchemsha sufuria ya maharage.

Akamwita shangazi.

Shangazi wa Mshindi alikuwa msusi. Vichwa vya watu alivisuka mbele ya duka lake, na majini aliyashughulikia chumba cha nyuma, baina ya mteja na mteja. Alikuja na kitana kimechomekwa nywelani, akasimama mlangoni, akanusa, akakataa kiti.

"Nani alikuuzia hiki kidude?" alimwuliza Mshindi.

"Nilishinda mnadani, shangazi."

"Sikukuuliza ulivyoshinda. Nani mwingine alikuwa anakitaka?"

Mshindi akaeleza habari za duara jeusi. Shangazi akacheka, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Alikuwa ni yeye mwenyewe, jini aliyemo humo. Amejiwekea dau, nawe ukamfuata kama mbuzi anayefuata jani. Jini wa namna hii haingii kwa aliyemnunua kwa bei ya haki, hana njia. Anaingia kwa ile ziada, ile uliyolipa kwa kiburi juu ya thamani yake. Kila senti ya ziada ni haki yake ndani ya nyumba hii, na haki yake anaichukua kwa pumzi." Akamtazama Kasuku mlangoni mwa chumba. Akapunguza sauti. "Anaanza na mwenye pumzi changa."

"Nikichome moto?" mama aliuliza.

"Ukikichoma utamfungulia tu. Kirudishwe kulekule sokoni. Kianzie bei ya chini kabisa, muandike ubovu wake wote, na kiende kwa bei yoyote watakayotoa watu, hata iwe ya kuku. Aliyekinunua akae atazame, achekwe, akubali kwamba alikuwa mjinga. Akishakubali, ile ziada imekufa, na jini hana pa kushika. Anayekinunua kwa bei ya haki hadhuriki."

"Lakini shangazi," Mshindi alisema, "kwa bei hiyo watu kazini wataona. Wananifuatilia mtandaoni."

"Waone! Mficha uchi hazai."

"Ni chombo adimu..."

"Wanasema akili ni nywele, kila mtu ana zake," shangazi alisema, akichomoa kitana chake. "Mimi nimeshika vichwa miaka mingi. Wewe mwanangu una kipara."

Tangazo aliliandika mke, kwa kuwa mume alitaka kuanza na neno "adimu". Aliandika: kodiani kuukuu, inanuka, inavuja hewa, tulilipia kupita kiasi. Mshindi alisoma sentensi ile ya mwisho akajikunja kama aliyepigwa ngumi ya tumbo. Wachekaji walikuja mapema. Mmoja wa bohari aliandika kwamba hata kwa mlango wa banda la kuku ni ghali. Bei ikakaa chini, ikatambaa kidogo, ikakaa tena. Na Kasuku akaamka asubuhi moja akaomba uji, akaupuliza, akaanza kusimulia ndoto ndefu isiyokuwa na kichwa wala miguu. Mama alisimama na mwiko mkononi, akamsikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kufurahi vile tangu amzae.

Jioni mnada ulipokuwa ukikaribia kufungwa walikaa sebuleni wote watatu. Kasuku alichora mkekani, akiongea na penseli zake. Mama alishika simu yake akitazama ile bei ndogo, nzuri, ya aibu. Dau la juu lilikuwa la mwalimu mmoja wa muziki, wa mji wa mbali, mtu mwenye jina na picha.

"Ngoja nikaoge," Mshindi alisema.

Maji yakaanza kumwagika bafuni. Bei ikapanda.

Mama alidhani ni mwalimu. Lakini mwekaji dau alikuwa mpya, na mara baada yake likatokea lile duara jeusi, likaongeza senti zake za dharau. Yule mpya akaongeza sana. Duara likaongeza kidogo. Mkekani Kasuku alikuwa amenyamaza. Penseli ilibingirika mpaka chini ya meza, na mtoto hakuifuata, alikuwa ameshika koo kwa mikono miwili, na juu ya meza ule mkanda ulifunguka polepole, bila haraka, kama unavyofungua mkanda wako baada ya kushiba, au kabla ya kula.

Akakimbilia bafuni. Maji yalikuwa yanaanguka sakafuni bila kugonga mwili wa mtu. Chini ya mlango palikuwa na mwanga wa simu.

"Baba Kasuku. Fungua."

"Naoga."

"Unaoga na simu? Ni wewe unayeongeza? Umeingia kwa jina la nani?"

Ukaja mnong'ono wa mtu anayetokwa jasho: "La mwenzangu wa bohari. Siwezi kuiacha iende bure, mke wangu. Watanicheka mpaka nistaafu. Niliipandisha kidogo tu, ipate bei ya heshima, mwalimu aichukue. Lakini yule mshenzi karudi. Ananitekenya. Hanijui."

"Achia! Mtoto anakufa!"

"Dakika moja tu."

"Mtoto wako anakufa, mwanamume wewe, nakuambia anakufa!"

"Nikimwachia sasa ataichukua yeye! Dakika moja!"

Aliupiga mlango kwa bega, kwa teke, kwa kiti, na mlango ule, ambao ndicho kitu pekee mume wake aliwahi kukinunua kikiwa imara, haukusogea, na nyuma yake sebuleni kile kitu kilikuwa kinavuta, kinavuta, pumzi moja ndefu isiyokuwa na mwisho, na midomo ya Kasuku ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, na hapo ndipo mama alipoacha kumwomba mtu ambaye hakuwa anasikia, akamwokota mwanawe mkekani, akatoka mbio bila viatu, bila kitambaa kichwani, akikata mtaa, huku nyuma yake bafuni simu ikilia kwa furaha na sauti ya mume wake ikipaza: "Nimeshinda! Mama Kasuku, nimeshinda!"

Walipopita kona ya duka la mwisho, Kasuku alivuta hewa. Akavuta nyingine. Akasema, kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, unakanyaga matope." Mama alikaa chini kwenye matope hayohayo akalia.

Hawakurudi. Walihamia kwa shangazi, chumba cha nyuma, na Kasuku akawachosha wateja kwa maneno. Lakini fundi bila cherehani ni mdomo tu, kwa hiyo siku moja mchana alikwenda kuichukua. Majirani walimsimamisha njiani wakamsifu: mumeo siku hizi anapiga kodiani vizuri mno, hapumziki.

Alimkuta kitini, kodiani mapajani, mikanda mabegani. Alikuwa amekonda, na macho yake mekundu yalikuwa wazi kama ya samaki. Mikono ilifungua, ilifunga. Kodiani ilipofunguka, kifua chake kilijaa. Ilipofungwa, kilishuka. Mara moja mikono ilichelewa, na uso wake ukaanza kuwa mweusi.

"Nishikie," alisema, na neno lilitoka pamoja na hewa ya kodiani. Ikabidi afungue tena ndipo apate lingine. "Kidogo tu. Nilale."

Mke alisimama mbali. Alimwonea huruma, hilo hawezi kulikana, na ilimwuma kwamba bado anaweza.

"Iuze," alimwambia kwa upole. "Hata sasa. Mwalimu yule bado anaitaka, ameniandikia. Nitaweka tangazo mimi, wewe sema tu ndiyo."

Kodiani ilifunguka. Mshindi akapata hewa ya kuuliza.

"Kwa bei ileile?"

"Kwa bei ileile ndogo."

Akatikisa kichwa.

Mke akainyanyua cherehani yake, akaibeba mpaka nje, na mlango akauacha wazi, ili apate hewa.