Mlango Wenye Jicho

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani yake, Mama Vifungo alifagia kibaraza. Na kila asubuhi alikuta kitu kilekile chini ya mlango: maganda ya rangi ya kijani. Leo machache, kesho mengi zaidi.

"Mlango wako umeota mba," alisema mama yake mzee. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha. Kiti hicho hakikuwahi kuhama hapo tangu watoto wake wakiwa wadogo.

Mama Vifungo alicheka, lakini moyoni aliumia. Mlango ule ulitengenezwa na marehemu baba yake, aliyekuwa seremala. Alichagua mbao mwenyewe, akapiga randa mwenyewe, akautundika mwenyewe. Karakana yake iliuzwa zamani. Kazi ya mikono yake iliyobaki ilikuwa mlango huu tu.

Zamani mlango huu ulikuwa na jicho. Kwenye ubao wa kati palikuwa na fundo jeusi la mbao, limezungukwa na mistari myembamba kama kope. Baba alipokwenda kazini, aliwaambia watoto, "Mimi naondoka. Jicho nawaachia."

Mama Vifungo alikuwa mtoto mkubwa, na aliamini. Mdogo wake wa kiume aliamini zaidi, maana ndiye aliyekuwa mtoro. Alipotaka kwenda kucheza mpira, alijinyoosha, akaliziba jicho kwa kiganja, kisha akanyata kutoka nje. Haikusaidia kitu. Jioni baba alikuwa anajua tayari. "Jicho limeniambia," alisema, na mtoto alibaki mdomo wazi.

Sasa jicho halikuonekana tena. Mwaka ule baba alipofariki, mdogo mtu alinunua rangi nzito ya kijani, akaupaka mlango wote. Watu walimsifu. Walisema kijana anaitunza nyumba ya baba yake.

Siku moja simu ililia. Ni huyo huyo mdogo wake, ambaye sasa alikuwa dereva wa lori.

"Dada, nasikia mlango umeoza. Nimeshaongea na fundi wa kuchomelea. Mwisho wa mwezi nakuja na mlango wa chuma."

"Umesikia kwa nani?"

"Kwa mama."

Mama Vifungo alimgeukia mama yake. Mzee alikuwa akitazama nje kwa bidii, ingawa barabara ilikuwa tupu.

"Nilimwambia mlango unaumwa," alisema bila kugeuka. "Sikumwambia umekufa."

Mama Vifungo alirudi kwenye simu. "Nipe nafasi mpaka utakapokuja. Ukikuta bado unabambuka, tundika chuma chako. Sitasema neno."

"Haya, dada. Ila sina huruma, nakwambia mapema."

Siku hiyohiyo Mama Vifungo alikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitaka kopo la rangi ileile ya kijani ili aupake mlango upya. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kopo aliposikia sauti nyuma yake.

"Hiyo ya nini, dada?"

Alikuwa ni Fundi Randa, mwanamke anayetengeneza samani mtaa wa pili. Alipokuwa msichana alifagia takataka za mbao kwenye karakana ya baba yake Mama Vifungo. Alifagia mpaka siku moja mzee akamtia randa mkononi. Jina likamganda tangu siku hiyo.

"Ya mlango wa baba," Mama Vifungo alijibu. "Unabambuka."

"Kwa hiyo mgonjwa ana jipu, nawe unamvika shati jipya?"

"Sasa nifanyeje?"

Fundi Randa alifikiri kidogo. "Wewe ni mshonaji. Kitambaa cheupe unakitiaje rangi?"

"Nakichovya. Rangi inaingia kwenye uzi."

"Na huwa inabambuka?"

"Itabambukaje? Inafifia tu, polepole."

"Basi ipo rangi ya mbao ya namna hiyo. Inaitwa steni ya mafuta. Ni mafuta yenye rangi ndani yake. Mbao inayanywa, hayakai juu. Hii ya kijani ni koti. Koti likipata ufa, maji ya mvua yanaingia chini yake na hayatoki. Mbao inaoza kimyakimya, nawe unasifia koti."

"Basi nitapaka steni juu ya hii ya kijani."

"Itanywewa na nani? Mbao imefunikwa. Kwanza tuivue koti. Rudisha hilo kopo, kesho nitakuja."

Kesho yake Fundi Randa alifika na mkoba wa vifaa. Alimsalimu mzee, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Mtibu vizuri, huyo ni mume wangu wa pili."

Fundi alichukua bisibisi, akachoma mlango hapa na pale. Juu na katikati, ncha ilikataa kuingia. Chini kabisa ilizama kama kwenye mkate.

"Umeoza ukingo wa chini tu," alisema. "Kwingine kuzima. Baba yako hakuwa anatania na mbao."

Mama Vifungo alishusha pumzi.

Waliutoa mlango kwenye bawaba na kuulaza juu ya meza mbili uani. Pale mlangoni waliziba kwa ubao wa zamani. Fundi Randa alikata ukingo uliooza, akaunga kipande kipya cha mbao kavu. Kisha akatandika plastiki chini, akamfungia mzee dirisha, na kutoa barakoa mbili.

"Rangi za zamani, nyingine zina madini ya risasi," alieleza. "Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo tunalowesha kidogo kabla ya kukwangua. Maganda yote yanaingia kwenye mfuko. Usiyafagie yakaruka."

Walikwangua. Mikono iliuma. Kijani kilitoka vipande vipande, na chini yake mbao ilikuwa ya kijivu, imechoka. Mbao ilipokauka, walisugua kwa msasa mkali, kisha kwa msasa wa wastani, wakifuata nyuzi za mbao.

"Usikate nyuzi kwa msasa," alionya fundi. "Mikwaruzo yote itaonekana baadaye. Na usilainishe kupita kiasi. Mbao ikiteleza kama kioo, hainywi."

Mama Vifungo alikuwa akisugua ubao wa kati alipoona kitu cheusi. Alipangusa kwa kiganja. Akapangusa tena. Jicho lilikuwa likimtazama, na kope zake zote.

Hakuweza kuendelea. Aliiona karakana ya baba, na maganda ya mbao yaliyojikunja sakafuni. Alikumbuka yeye na mdogo wake wakiyavaa masikioni kama hereni. Alimkumbuka baba na penseli nyuma ya sikio, akiitafuta penseli hiyohiyo nyumba nzima. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.

"Pumzika," alisema Fundi Randa kwa upole. "Mimi pia nimemkumbuka."

Waliuacha mlango chini ya paa kwa siku kadhaa ukauke vizuri. Kisha fundi akadondosha matone ya maji juu ya mbao. Yalinywewa mara moja.

"Ameona kiu," alisema. "Yangebaki juu, tungejua bado kuna rangi au unyevunyevu. Sasa twende dukani."

Muuza duka aliwawekea makopo matatu mezani. Fundi Randa aliyageuza moja moja ili Mama Vifungo asome maandishi.

"Hii haina rangi kabisa. Ni nzuri kwa macho, lakini jua litaila mbao haraka. Rangi ndiyo mwavuli wa jua. Hii nyingine ni nzito sana, itaziba kila kitu. Utalifunika jicho tena."

"Na hii ya tatu?"

"Ya kati. Ina rangi ya kukinga jua, na nyuzi za mbao zinaonekana."

Muuza duka aliingilia kati. "Ninayo nyingine, bei chee."

Mama Vifungo aliichukua, akasoma kwa sauti. "Kwa matumizi ya ndani." Akairudisha. "Huu ni mlango wa nje, ndugu yangu. Unanyeshewa."

Fundi Randa alitabasamu, akachukua lile kopo la tatu.

Nyumbani walijaribu kwanza rangi kidogo kwenye ubavu wa mlango, upande wa bawaba, mahali pasipoonekana. Rangi ilipendeza. Walichagua asubuhi isiyo na dalili ya mvua, wakafanya kazi kivulini, mahali penye hewa, mbali na jiko. Walivaa glavu.

"Koroga kutoka chini," alisema fundi. "Rangi huzama. Usipokoroga, nusu ya mlango itakuwa chai na nusu kahawa. Haya, paka nyembamba, fuata nyuzi. Ukianza ubao, umalize. Ukiacha katikati, kiungo kitaonekana."

Mama Vifungo alipaka. Mbao iliyokuwa kijivu iliamka. Harufu ya mafuta ilipanda, ile ya mashati ya baba jioni, na kwa muda alijiona ana miaka saba. Fundi Randa alimwonyesha ukingo wa chini na wa juu, mahali mbao ilipokatwa.

"Hapa ndipo midomo ya mbao ilipo. Hapa ndipo inapokunywa maji. Wengi wanapasahau kwa sababu hapaonekani. Panyweshe mpaka pakatae."

Baada ya muda mfupi, kama kopo lilivyoelekeza, alimwambia apanguse mafuta yote yaliyobaki juu.

"Kwa nini nisiyaache? Si yatazidi kuulinda?"

"Mbao ikishiba imeshiba. Yatakayobaki juu yatanata, na kila nzi wa mtaa atakuja kupiga picha mlangoni kwako."

Vitambaa havikuwa shida, maana mshonaji ana vipande vya pamba visivyokwisha. Mama Vifungo alipangusa, na kila kitambaa kilicholowa alikitupa kwenye kikapu cha vipande, kando ya cherehani. Walikaa wakanywa chai. Walizungumza habari za zamani mpaka kivuli kikahama. Ndipo Fundi Randa alipotazama huku na huku.

"Dada, yale matambara yako wapi?"

"Kwenye kikapu, ndani."

Fundi alisimama ghafla, akakimbilia ndani. Alitia mkono kikapuni na kuyatoa. Yale ya katikati yalikuwa yamepata joto, ingawa hapakuwa na moto karibu.

"Shika hapa," alisema, na sauti yake haikuwa na utani. "Mafuta haya yakikauka kwenye kitambaa kilichorundikwa, yanajipasha joto yenyewe. Yanaweza kuwaka moto bila kiberiti. Usiku, mmelala."

Waliyatumbukiza yote kwenye kopo la bati lenye maji, wakafunga kifuniko na kuliweka nje, mbali na nyumba. Mama Vifungo alitazama kikapu, cherehani, na pazia lililoning'inia juu yake.

"Nusura niunguze nyumba ili niokoe mlango," alisema.

Rangi ilipokauka walirudia mkono wa pili, mwembamba kuliko wa kwanza, kama kopo lilivyosema. Ulipokauka nao, waliurudisha mlango mahali pake.

"Kila mwaka mwagia maji kidogo," Fundi Randa aliagiza akifunga mkoba. "Yakiteleza, mwache. Siku yatakaponywewa, osha, kausha, mpake tena. Hutakwangua tena, maana hana koti la kubambuka."

Mwisho wa mwezi lori liliegeshwa nje, na mvua ilikuwa ikinyesha. Nyuma, chini ya turubai, palikuwa na mlango wa chuma. Dereva alishuka, akakimbia hadi kibarazani, kisha akasimama.

Mlango ulikuwa na rangi ya asali iliyoiva. Matone ya mvua yalikaa juu yake kama shanga, kisha yakateleza hadi chini. Na katikati, jicho lilikuwa wazi.

Dada mtu alifungua. "Karibu. Haya, ukague."

Mdogo wake hakukagua kitu. "Hili jicho mmelitoa wapi?"

"Lilikuwepo. Ni wewe uliyelifunika."

Alijipangusa maji ya mvua usoni. "Baada ya maziko," alisema, "kila nilipotoka hapa, nilirudi jioni nikingoja mtu aniambie jicho limemwambia. Hakuna aliyesema. Nikaona heri nisilione kabisa."

Dada yake alimshika mkono, akamwingiza ndani.

Mlango wa chuma haukupata kazi ya mbele. Mama mzee aliamua utundikwe kwenye banda la kuku. "Angalau kuku watalala kama wenye benki," alisema. Walikula, walicheka, na dereva alisimulia njia zake zote.

Baadaye alikumbuka kwamba lori limeziba barabara. Mama alikuwa amesinzia kitini, na dada alikuwa jikoni. Alifungua mlango polepole, akatoka kibarazani. Zamani alilazimika kujinyoosha, sasa aliinama. Akaliziba jicho kwa kiganja, akaanza kunyata.

"Unakwenda wapi na mvua hii?"

Sauti ilitoka dirishani. Dereva aligeuka. Kutoka kwenye kile kiti, mama yake alikiona kibaraza chote, mlango wote, na yeye mzima mzima na kiganja chake.

"Mama," alisema taratibu. "Kumbe siku zote zile ni wewe uliyekuwa ukimwambia baba?"

"Mbao ingeona nini, mwanangu?"

Dereva alicheka mpaka akalia. Kisha akarudi kuchukua mwavuli, na alipotoka aliufunga mlango wa baba yake polepole, bila kuubamiza.