Aliyenisindikiza Naivasha Ndiye Aliyeolewa

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka ishirini na miwili. Mimi ni binti wa fundi wa reli na tunakaa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru. Sijaolewa. Ningekuwa nimeolewa tangu mwaka juzi, kama si siku moja tu ya matembezi huko Naivasha...

Mchumba wangu aliitwa Zakaria. Kwao ni Maragoli kama kwetu, lakini alikuwa ameandikwa kazi ziwani Naivasha na mzungu mmoja mwenye mashua za matanga. Aliziosha, akazishonea matanga yaliyochanika, akazivuta majini. Tulijuana kanisani alipokuja Nakuru kwa Pasaka. Nilimpenda, sifichi! Nilimpenda mpaka nikawa naunguza mboga na mama ananigombeza kila jioni.

Sasa kwetu, msichana aliyechumbiwa haendi kumwona mwanamume peke yake. Husindikizwa na dada yake. Tena akiwa mbele ya watu wa mume, yeye huinama na kunyamaza kabisa. Msindikizaji ndiye humsemea kila kitu: ameshiba, amechoka, amekubali, amekataa. Hiyo ndiyo heshima tuliyolelewa nayo.

Msindikizaji wangu alikuwa Rebeka, mtoto wa marehemu mama yangu mdogo. Baba alimchukua akiwa bado anatambaa. Tulilala kitanda kimoja, tukajifunika blanketi moja.

Kila Zakaria alipokuja kutuamkia, mimi niliinama na Rebeka akasema. Zakaria akiuliza kama nilimkumbuka, Rebeka ndiye aliyejibu... na alijibu vizuri sana! Zakaria akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikatazama vidole vya miguu yangu, nikifurahi kwamba dada yangu ananitengenezea mambo. Jamani, kuna mjinga aliyenizidi?

Baada ya Krismasi, wakati wa jua kali, wazungu walikuwa na mashindano ya mashua. Zakaria alisema shangazi yake amefika kutoka Maragoli kumwona yule msichana wa Nakuru. Akasema pia kwamba mashindano yakiisha, bwana wake huwaruhusu wafanyakazi kuwapandisha watu wao mashua. Aliniahidi nitakaa mbele kabisa. Mimi, mtoto wa landhi, nipande mashua ya tanga! Usingizi ulinipaa.

Asubuhi ya kuondoka, Rebeka aliniomba gauni langu la maua, eti lake limefifia. Nikampa. Akaomba na viatu vyangu vyeupe. Nikampa pia, mimi nikavaa vya mama. Tukapanda treni tukiimba.

Naivasha ilipendeza, siwezi kusema uongo. Matanga yalijaa ziwani, wazungu wameketi kwenye viti vya turubai wakipiga makelele. Sisi wageni wa wafanyakazi tuliketi kwenye nyasi, upande wa mafunjo, tukitafuna mahindi ya kuchoma. Mashua ikiinama upande, watoto wetu walishangilia kama vile ni ya baba zao. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena mpaka leo.

Kisha shangazi akaja, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, na nyuma yake wanawake wengine wa kambi ya wafanyakazi.

"Karibuni, watoto wangu," akasema. "Habari yenu nimeisikia mpaka nimechoka. Sasa mwenyewe ni nani hapa?"

Niliinama, kama nilivyofundishwa. Nikangoja Rebeka anisemee. Kimya... Nikainua jicho kidogo. Naye Rebeka alikuwa ameinama! Ameinama kabisa, mikono juu ya magoti, kama bibi arusi!

Shangazi akamgeukia Zakaria. Moyo wangu ukatulia. Zakaria si ananijua?

"Ni huyu, senge," Zakaria alimwambia, akimwita shangazi yake kwa lugha ya kwetu. Kidole chake kilimwonyesha Rebeka.

Yule mama akatoa leso mpya kwapani, akamfunga Rebeka mabegani, akambusu. Halafu akanitazama mimi.

"Na wewe ndio umetuletea? Asante sana, mama. Haya, tuambie, mtoto wetu ametukubali?"

Wasomaji, wanawake wote walinikodolea macho. Ningepiga kelele? Ningesema nini mbele ya watu wa mume, mimi niliyeambiwa tangu utotoni kwamba msichana akibishana hapo anaiaibisha nyumba ya baba yake? Nikamtafuta Zakaria kwa macho. Alikuwa anafungua fundo la kamba ambalo halikuwa na shida yoyote.

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Amekubali."

Vigelegele! Wakampeleka kwenye mashua. Rebeka akavua viatu, akanipa bila kunitazama.

"Nishikie, dada, visilowe," akasema.

Viatu vyangu mwenyewe! Nikasimama ufukweni nimevikumbatia, nikiwatazama wakienda, yeye ameketi mbele. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba walikuwa wamepatana zamani. Mimi ndiye niliyekuwa nikipelekwa kuwaangalia wakichumbiana!

Nilirudi Nakuru peke yangu. Baba aliposikia, alikwenda Naivasha kwa hasira. Rebeka alimjibu kwa upole kwamba hakuiba mtu, kwani ni mimi mwenyewe niliyemsemea mbele ya mashahidi. Baba aliporudi aliniuliza swali moja tu: nilisema au sikusema? Nikamjibu kwamba nilisema. Baba akavua kofia, na mama akaanza kulia jikoni.

Mnadhani yaliishia hapo? Shangazi alituma ujumbe kwamba nimsindikize bibi arusi kanisani, maana ile kazi niliifanya vizuri! Siku ya arusi nililala kitandani kutwa nzima, nimejifunika blanketi mpaka kichwani.

Dada zangu mnaosoma haya, waheshimuni wakwe, lakini msimpe mtu mwingine mdomo wenu. Jambo la moyo wako liseme wewe, hata kama sauti inatetemeka, hata kama utaitwa mkaidi. Nawasihi!

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa huku Nakuru alitaka kunijua. Mama akasema atatafuta binti wa jirani anisindikize. Nilimwambia abaki na binti wa jirani. Nikaenda peke yangu, nikamtazama yule mwalimu usoni, nikamwambia jina langu. Landhi nzima inasema sina adabu. Wacha waseme.