Mistari ya Tumbo la Jeannine

— Funua kitenge, Mama Elisabeth aone! Fiacre aliamuru, kama mtu anayeonyesha mbuzi sokoni.

Jeannine hakutikisika. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba, mahari yalikwisha kutolewa, na matangazo ya ndoa yao yalikuwa yamesomwa kanisani Jumapili mbili. Ilibaki moja. Ndipo bwana harusi, kifua kipana na kichwa finyu, akamburuta mpaka mtaa wa Mudzipela, kwa Mama Elisabeth, msimamizi wao wa ndoa.

— Mama, huyu alishazaa, akatuficha! Tumbo iko na mistari myekundu, uso iko na mabaka. Mimba ya kwanza hapana kufanya vile. Nitaambia padri ndoa iko na kizuizi.

— Nani alikufundisha? aliuliza Mama Elisabeth, mama wa watoto watano.

— Gauthier.

— Gauthier ule hajaoa?

— Ndiyo, mama.

— Ulienda kuuliza kipofu rangi ya kitenge! Mutoto anakua, ngozi inavutika, inabakisha alama. Hata mimba ya kwanza. Kisha kuzaa, mabaka yanafifia, mistari inapauka. Weye, mama yako alikuzaa namna gani, kwa posta?

Fiacre alikohoa.

— Sawa, mama. Lakini siye wanaume tunapenda kitu safi.

Hapo Jeannine akainuka.

— Fiacre, vua shati.

— Ya nini?

— Vua. Mama iko mutu mukubwa, haogope kitu safi.

Alifungua vifungo viwili, akaishia hapo. Jeannine akaivuta kola mwenyewe. Begani, hadi kwapani, ilionekana mistari myeupe aliyoipata tangu alipoanza kunyanyua vyuma ili atishe watu kwa misuli.

— Na hii? Mimba ya nani ilikupanda mabega? Mutoto wako wa kwanza iko na miaka ngapi?

Mama Elisabeth alicheka mpaka akashika ukuta. Fiacre akafunga vifungo kombo, akatoka bila kuaga.

Kesho yake ukaingia ujumbe:

“Cheri, nisamehe. Padri sijamuambia kitu. Jumapili tukae benchi moja.”

Jeannine akajibu:

“Miye nimetoka kwake sasa hivi. Nimemuambia asisome tena matangazo yetu. Mutoto atabeba jina yako, ni haki yake. Miye hapana. Oa Gauthier, tumbo yake iko safi.”

Akazima simu, akajipaka mafuta tumboni. Ngozi ilikuwa inamwasha, na aliyekuwa ndani bado alitaka nafasi.