Mshale wa Kushoto

Blandine wa Musonoi, mtaa wa Kolwezi, hakuwa mtu wa filamu. Mwenye ugonjwa huo alikuwa mumewe, Kalumba. Bwana huyo, we! Filamu yenyewe haikumtosha, alitaka vilivyofichwa ndani ya disque ya DVD. Ukurasa wa kuchagulia ukishatokea, alishika télécommande na kubonyeza mshale wa kushoto, tena na tena, mpaka kidoa kidogo kiwake pembeni. Akikibonyeza, zinatoka picha ambazo hazikuandikwa popote kwenye jalada: waigizaji wanakosea maneno, wanaanguka, wanacheka. Kalumba alicheka nao mpaka machozi, kovu la nyusi yake ya kushoto likirukaruka.

"Mama Agnès, kuya uone! Banafichaka bintu, aba batu!"

Huo ulikuwa mwisho wa mwaka 2008. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, makampuni yalifunga milango, na Kalumba, fundi wa umeme, alirudishwa nyumbani pamoja na wenzake. Siku nyingine alienda Mutoshi kuchimba shaba. Mitaani maneno ya zamani yakafufuka: wenye kuja barudi kwabo Kasai. Blandine aliyasikia pale bombani, akaendelea kujaza bidon yake kama hayamhusu.

Yalimhusu sana. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kanku, na Kanku ni jina la Kasai. Mwaka 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga na kurundikana kwenye gare ya Kolwezi wakingoja treni, alikuwa na miaka saba. Mama yake, Mwadi, alipasua kitenge chake cha ndege wa njano katikati. Kwa nusu moja alimfunga Kanku, mkubwa alivyokuwa, mgongoni mwa jirani yao Mkatanga, Mama Godelieve. Nusu nyingine alibaki nayo mabegani. Hakuonekana tena.

Godelieve alimpa jina jipya, akamwita mwanawe, na kumfundisha kujificha. Kazi ngumu ilikuwa salamu. Kwa Kiluba cha Kasai mtu anakuamkia "Moyo", nawe unajibu "Eyo" kabla hujafikiri. Basi Godelieve alikuwa anamvizia. Wako wanasonga bukari, ugali wao, ghafla: "Moyo!" Mtoto akisema "Eyo", anapata kofi. Jibu lilikuwa moja tu, la mtu asiyejua kitu: "Moyo wa nini? Moyo wa mbuzi?" Walicheka, halafu walilia. Sasa Godelieve alikuwa amekufa, na siri ilibaki kwa Blandine peke yake. Kalumba hakujua. Ndugu zake walikuwa wameapa kwamba mwanamke wa Kasai hataingia kwao, na akiingia atatoka bila mtoto. Agnès alikuwa na miaka mitatu.

Jumamosi moja Kalumba alirudi na disque ya filamu ishirini. Blandine alikuwa mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Alisikia mshale ukibonyezwa, tik, tik, tik. Akangoja kicheko. Hakikuja. Alipogeuka, televisheni ilikuwa imezimwa na mume wake alikuwa anatoka jasho.

"Kuko nini, Tata Agnès?"

"Hakuna. Disque ni mubaya."

Mbaya, lakini hakuitupa. Aliiacha ndani ya mashine, télécommande akaitia mfukoni. Tangu hapo alianza kumtazama mkewe kwa kuibia. Alimtazama Agnès pia, kwa muda mrefu. Jumapili, katikati ya chakula, aliuliza bila kuinua kichwa:

"Mama Godelieve alikuzalaka wapi?"

"Kamina," Blandine akasema, mji wa Katanga aliofundishwa kuutaja, na kumwongezea Agnès bukari.

Amejua, aliwaza. Nani kamwambia? Kila neno la Kalumba aliligeuza juu na chini. Akikohoa, ni ishara. Akinyamaza, ni mbaya zaidi.

Jumatatu Kalumba alitoka mapema kwenda Mutoshi. Saa nne asubuhi, Blandine aliikuta télécommande ndani ya koti aliloliacha mumewe. Agnès alikuwa amelala kwenye mkeka. Jua lilijaa sebule nzima. Akawasha, akabonyeza mshale wa kushoto. Mara moja. Mara tano. Mara tisa.

Kidoa kikawaka.

Ilikuwa gare ya Kolwezi. Mchana. Pembeni, tarehe ya 1993. Watu wamekaa juu ya magodoro na masufuria yao. Mwanamke mmoja anapita katikati yao, mgongo kwa kamera, anaamkia mmoja mmoja.

"Moyo."

"Eyo."

Aliyejibu anasimama na kuingia ndani ya behewa. Mwingine anajibu, anaingia. Hakuna anayetoka. Na mabegani mwa yule mwanamke kulikuwa na nusu ya kitenge cha ndege wa njano.

Mwanamke akageuka.

"Moyo, Kanku."

Blandine alibana midomo. Moyo wa mbuzi, alijiambia. Moyo wa mbuzi.

"Moyo, Kanku." Uso ulikuwa umesogea.

Alibonyeza kuzima. Haikuzimika. Alichomoa waya ukutani. Picha ilibaki.

"Moyo."

"Eyo, kaku."

Jibu lilitoka nyuma yake. Agnès alikuwa ameketi kwenye mkeka, macho wazi. Kaku ni bibi. Mtoto huyu hakuwahi kufundishwa hata neno moja la lugha ile.

"Nani alimufundisha?" Sauti ilikuwa ya kunong'ona. Kalumba alikuwa amerudi kabla ya wakati, amesimama mlangoni, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Blandine alikuwa anatazama picha. Nyuma ya mama yake alisimama kijana mwenye rungu, kovu limekata nyusi ya kushoto. Akamtazama mumewe. Kovu ni lile lile.

"Ni weye," alisema.

Kalumba akaketi chini pale pale.

"Nilikuwa na miaka kumi na munane. Aliniamkia, 'Moyo.' Nilimusukuma. Alianguka, hakuamuka tena." Alifuta uso. "Jumamosi niliona ule mutoto wake mu picha, sura ya Agnès. Nikaogopa kukuuliza."

"Nami niliogopa kukuambia."

"Mama Agnès, sikiliza. Ile siku pale gare hakukuwa mutu wa kamera. Ningemuona."

Televisheni ikazimika yenyewe. Kalumba alirudisha waya na kufungua mashine. Ndani hakukuwa na disque.

Alisimama, akavua pete, akaiweka juu ya meza. "Mutoto baki naye," alisema. "Wa kufukuzwa ni miye." Akatoka kuelekea barabara ya Mutshatsha, ile inayotoka mjini. Blandine alimchukia, na alitamani kumwita arudi. Miaka kumi na tano ameogopa kufukuzwa, na sasa nyumba ni yake, na hakuna kitu alichokitaka ndani yake.

Akageuka amchukue mtoto. Agnès alikuwa amelala tena, amefunikwa nusu ya kitenge cha ndege wa njano.

Blandine alivuta sanduku lake chini ya kitanda. Nusu yake mwenyewe ilikuwemo, imekunjwa alivyoiacha. Akaileta mpaka mkekani. Mpasuko ukaingia ndani ya mpasuko, ndege kwa ndege, bila uzi kupungua.

Nusu ile ya mkekani, ya mama yake, ilikuwa na fundo la kubebea mtoto. Akaligusa. Lilikuwa bado na joto la mgongo.