Sauti Niliyoiahidi Korongoni

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni. Mimi na mdogo wangu Odilo tulikuwa tumeshamfikishia shangazi Philomena dawa zake za moyo, kule juu kwenye kibanda cha wapanda mlima anachokitunza. Kilichobaki ni kuteleza thelujini kwa ski, zile mbao ndefu za miguuni, hadi kijijini kwetu Kippel, tukale jibini ya kuyeyushwa.

"Dada Kreszenz, tupitie korongoni," Odilo akasema. "Theluji mbichi, haijaguswa na mtu!"

"Giza linaingia. Njia ipo, tufuate njia."

"Eti njia! Umezeeka, dada. Nikuletee mkongojo?"

Mjinga mimi, nikacheka. Nikamwambia haya, ila mmoja mmoja. Ndivyo tunavyopita mahali pa hatari: mmoja anashuka, mwingine anasimama kumtazama, ili theluji ikiporomoka abaki wa kumchimbua mwenzake.

Odilo akashuka akipiga mayowe ya furaha. Akakata kona tatu tu...

Vuuumm!

Mteremko mzima ukaporomoka naye.

Kisha kimya.

Aliyefukiwa ana dakika kumi na tano hivi, baada ya hapo unatafuta maiti. Kila mmoja wetu huvaa kifuani kifaa kinachotoa mawimbi ya redio, basi nikageuza changu kitafute chake. Nikashuka juu ya mabonge ya theluji, macho kwenye namba. Mita thelathini. Kumi na nane. Tisa...

Ghafla kioo cha kifaa kikaonyesha watu wawili.

Wawili? Odilo alikuwa peke yake!

Mmoja mita mbili, kushoto kwangu. Mwingine mita kumi, kulia. Kanuni ni kuanza na wa karibu. Nikasogea hapo kushoto, nikapiga magoti, nikachomoa koleo. Ndipo harufu ikanijia, ya sufu iliyolowa na mishumaa ya kanisani.

"Dada..."

Sauti ya Odilo. Chini ya magoti yangu.

"Dada... nipo hapa. Chimba."

Koleo likabaki hewani. Kwetu hata mtoto wa shule anajua hili: aliyefukiwa huwasikia walio juu, lakini walio juu hawamsikii. Theluji humeza sauti yake yote.

Sasa huyu ninayemsikia ni nani?

"Nina baridi, dada... miaka yote hii..."

Mungu wangu! Nilitaka kukimbia, na nilitaka kuchimba. Nikikosea, Odilo amekufa. Dakika sita zilikuwa zimeshakwenda.

"Subiri," nikanong'ona, ili aniachilie tu. "Nitarudi."

Akanyamaza.

Nikakimbilia kulia. Nikadunga fimbo ndefu ya kupimia, ikagusa kitu laini. Nikachimba kama mwendawazimu hadi nikaufikia uso wa Odilo, umekuwa wa bluu. Nikamtoa theluji mdomoni. Akakohoa. Nikalia kwa sauti, sikujali.

Kesho yake waokoaji walichimba pale kushoto hadi kwenye nyasi. Hapakuwa na mtu. Mkuu wao alisema baridi huvuruga vifaa, halafu akafanya ishara ya msalaba alipodhani simwoni.

Siku ya tano, tukiwa mezani, Odilo akaweka kijiko chini.

"Nilikusikia, dada. Ulimwambia utarudi."

"Na yeye ulimsikia?"

"Alicheka." Odilo akakiokota tena kijiko. "Alikuwa chini yangu."

Siku hizi theluji mbichi ikianguka, Odilo huzifungia ski zangu kabatini na kulala na ufunguo. Simgombezi. Jana tu nilimkuta amesinzia kwenye kiti, nikajikuta napapasa mfuko wake wenye ufunguo... nikiwa nimeshavaa viatu vya ski.