Mama Alitaka Meli

Haya yalimpata rafiki yangu Momanyi, mwalimu wa Gesima, mwaka 1969. Dada yake aliyeolewa Mwanza alikuwa amejifungua, na mama yao, Nyamoita, alitaka kumwona mjukuu. Alimwomba Momanyi amfikishe Kisumu apande meli ya kwenda Mwanza.

"Mgongo wangu hauwezi gari, mwanangu. Kwenye meli nitalala."

"Nimenunua gari ili mama yangu asafiri na magunia ya watu?" Momanyi akamjibu kwa ukali, na kesho yake akampakia garini waende Mwanza kwa barabara.

Walipopita Tarime, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, saa tisa mchana, mvua iliwafungia njia. Giza likawa zito hata Momanyi akasimamisha gari na kupandisha vioo. Kiti cha nyuma, mama alikuwa akiguna kwa maumivu. Kisha kule milimani, mbali kabisa na ziwa, wote wawili wakasikia honi ya meli, nzito na ndefu, mara mbili.

"Hiyo imefika," mama akasema taratibu.

Momanyi alidhani anamsuta. Kwa hasira hakugeuka mpaka mvua ilipokatika. Alipogeuka, mama alikuwa ameshafariki.

Mpaka leo dada yake hamsalimii, naye hamlaumu. Ila kuna jambo hajathubutu kumwambia. Mama hakuwa ameshuka garini tangu mpakani. Lakini Momanyi alipomwinua, gauni lake lilikuwa limelowa mpaka magotini, na katikati ya vidole vya miguu kulikuwa na mchanga wa ziwani.