Kilima Kilichofichwa na Mvua

Kila asubuhi kabla ya shule, Hayat alipanda ngazi ya mbao iliyoegemezwa kwenye banda la kiwanja cha ndege cha Mkokoni. Bwana Wafula, msimamizi wa kiwanja, alikuwa na goti bovu, na hakuchoka kudai kwamba goti hilo lilifika Lamu likiwa zima, likaharibiwa na mchanga. Basi yeye alibaki chini na redio yake, na Hayat, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyeangalia.

Kwanza alitazama mfuko wa upepo, ule wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea, kisha akatafuta alama mbili. Mnara wa simu ukionekana, macho yanafika kilomita tatu. Kilima cha mwisho cha kisiwa cha Kiwayu kikionekana pia, yanafika kilomita saba. Bwana Wafula aliyapeleka maneno hayo kwa rubani. Hayat hakuacha kustaajabu kwamba mtu aliye mawinguni, asiyemjua hata kwa sura, alishusha ndege nzima kwa kumwamini yeye.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, mdogo wake Taufiq aliumwa na nyoka. Kufikia saa tatu mguu ulikuwa umevimba hadi gotini. Muuguzi wa zahanati alisema dawa ya sumu ile hana, hivyo ndege ikaitwa impeleke hospitali. Mama alikaa kando ya banda, kichwa cha Taufiq mapajani mwake, akisoma dua kwa sauti ya chini.

Hayat alipanda ngazi mbio. Alipofika juu, alitafuta alama zake. Mvua nzito ilikuwa ikija kutoka baharini. Kilima hakikuonekana kabisa, na mnara wa simu ulikuwa umeanza kufifia.

"Kilima kipo?" Bwana Wafula aliuliza.

Hayat alijua kwamba hali ikiwa mbaya, rubani huweza kugeuza ndege akarudi alikotoka. Alimtazama Taufiq pale chini.

"Kipo," alijibu.

Bwana Wafula akasema hivyo redioni. Sauti tulivu ya mwanamke ikajibu, "Nimesikia, kilomita saba. Ninashuka."

Uongo wake ulikuwa umefika mawinguni na sasa ulikuwa unaongoza ndege. Matone ya kwanza yakampiga usoni, na mnara nao ukapotea.

"Bwana Wafula, nimesema urongo," alisema kwa lafudhi ya nyumbani huku akilia. "Kilima sikioni, hata mnara siuoni. Mvua imefunga ndia yote."

Bwana Wafula hakupoteza muda kumkaripia. Alimweleza rubani papo hapo. Kisha ngurumo ya injini ikapita juu yao, karibu mno, ndani ya wingu, wala hawakuona kitu. Banda zima lilitikisika. Ngurumo ikapanda, ikaenda mbali, na Hayat akaamini kwamba amempoteza ndugu yake.

Ndipo sauti ile ikarudi. "Niko juu ya mvua. Nina mafuta ya kuzunguka kwa saa nzima. Nipeni habari kila baada ya dakika tano, na iwe ya kweli."

Hayat alisimama kwenye ngazi, nguo zimelowa chapachapa. Mara nne aliulizwa, na mara nne alijibu kwamba haoni kitu, ingawa kila jibu lilimuuma. Mara ya tano mnara ulitokea. Baada ya muda kidogo kilima nacho kikajitokeza, kimeoshwa, na ndege ikachomoza mawinguni ikashuka taratibu. Hayat alishuka mbio kusaidia kumpakia Taufiq.

Siku ya tisa ndege ileile ilimrudisha Taufiq, anachechemea lakini anacheka. Rubani, Bi Kagendo, alikuja moja kwa moja hadi kwa Hayat. Hayat akainamisha kichwa, akingojea kukaripiwa.

"Uliogopa kwamba ukisema kweli sitakuja," Bi Kagendo alisema. "Lakini ukiniambia kuna mvua, nitazunguka, nitasubiri, nitatafuta njia. Ukiniambia hakuna, nitaingia ndani yake. Siku ile usingekiri, ningegonga ardhi, na Taufiq asingepata ndege nyingine. Ukweli wako ndio ulionifikisha kwake."

Akamwinua kidevu.

"Haya, panda. Nataka kuruka. Unaona nini?"

Hayat akapanda, akaangalia vizuri, kisha akajibu.